Mzee akianguka, usimuulize kiuno peke yake

Nesi_wa_Mtaa (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, kazi yangu ni kuzunguka majumbani kwa wazee. Ofisini kwetu kulikuwa na meza mbili. Meza ya kwanza ilishughulika na kuzuia wazee wasianguke: ina fomu yake, bajeti yake na kikao chake cha mwezi. Meza ya pili ilishughulika na kuzuia watu wasijiue: nayo ina fomu yake, bajeti yake, kikao chake. Meza hizo zilikuwa hazisalimiani. Mimi nilikuwa wa meza ya kwanza.

Siku moja nikatumwa kwa mzee mmoja mgane, miaka 70 na ushee, aliyeteleza akapasuka juu ya jicho. Kazi nikaifanya sawasawa. Nikapima kimo cha kiti chake, nikalikunja zulia lililokaa kimtego mlangoni, nikaijaribu taa ya njia ya chooni, nikahesabu dawa zake, nikamwachia fremu ya kutembelea. Wakati naaga akanirudishia ile fremu, akasema, "Mpe mwenye safari ndefu, mwanangu. Yangu imebaki fupi." Tukacheka wote wawili. Kwenye fomu nikaandika: *Amekataa kifaa.*

Nilikuwa katikati ya njia ndipo lile neno likanirudia vizuri. Kesho yake asubuhi nikarudi, safari hii bila fomu, nikakaa, nikamuuliza waziwazi. Yakatoka. Tangu aanguke ilikuwa wiki ya sita hajaenda kukaa na wenzake, anaogopa asije akaanguka mbele yao. Usiku anaamka saa tisa, hapati tena usingizi. Na ndiyo, alikuwa anafikiria kujitoa uhai, na vitu vyake alishaanza kuvigawa. Fremu yangu aliigawa tu kama alivyogawa saa yake na redio yake. Siku ileile tulifika hospitali, mimi, yeye na mdogo wake. Leo yupo, na analalamikia magoti kama kawaida.

Hoja yangu ndiyo hii: zile meza mbili ni meza moja. Mzee akianguka anaingiwa hofu. Hofu inamkalisha ndani, na kukaa ndani kunalegeza miguu na kuleta upweke. Miguu iliyolegea inamwangusha tena, upweke unazaa sonona, na mwenye sonona hali vizuri, halali vizuri, anatembea akiburuta miguu. Hapo hapo anapewa dawa ya usingizi inayomfanya apepesuke usiku. Ukimshika upande mmoja tu, ule mwingine unakuponyoka.

Na mzee atakueleza habari za goti miaka miwili kabla hajakueleza habari za moyo. Kwa hiyo aliyeanguka amekufungulia mlango. Sisi tulikuwa tunaishia mlangoni kupima zulia.

---

Mpiga_Kasia

Dada Nesi heshima yako, lakini wazee wote ndivyo wanavyoongea. Bibi yangu ametuaga kila mwaka tangu niko darasa la tatu, na mwaka huu katuaga tena. Tukimkimbiza hospitali kila anayesema "nimekula chumvi ya kutosha", vitanda vitatosha?

Halafu lingine. Ukimuuliza mtu habari za kujiua, si ndiyo unampandikizia wazo ambalo hakuwa nalo?

---

Nesi_wa_Mtaa

Mpiga_Kasia, nianze na la pili maana ndilo linalotuziba midomo wengi. Hapana, humpandikizii. Limechunguzwa mara nyingi, na mapitio ya tafiti yaliyotoka 2014 hayakukuta kwamba kuuliza kunaongeza mawazo hayo. Kwa baadhi ya watu yalipungua. Mtu mwenye wazo hilo analo tangu kabla hujabisha hodi. Asichokuwa nacho ni wa kumwambia.

La bibi yako, nakubali kabisa. Kiswahili kinatupa njia nyingi za kukizungumzia kifo bila kukigusa, na nyingi hazina shida. "Nimekula chumvi" ni maringo, mtu anajisifia umri. "Nangoja siku yangu" yaweza kuwa utulivu tu. Mimi masikio yananisimama nikisikia "nimekuwa mzigo", "mkiniondoa mimi nyie mtapumua", "hata nisipoamka hakuna kitakachopungua". Na zaidi ya maneno naangalia kilichobadilika. Bibi anayeaga kila mwaka huku anagombania remote ya runinga, muache aage. Yule aliyekuwa hagusiki kwenye bustani yake, sasa majani yamefika dirishani na wala hana habari, huyo ndiye wa kukaa naye.

Kuuliza kwenyewe nafanya hivi. Naanza na mwili: umelalaje, umekulaje, tangu uanguke umetoka nje mara ngapi. Kisha: "Wengine wakipitia haya hufika mahali wakaona heri wasingeamka. Wewe umewahi kufika hapo?" Akiitikia, sirukii ushauri, naongeza moja: "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Kwa jina lake hasa. Ukisema "kufanya jambo baya" atakujibu hapana kwa sababu huenda kwake yeye si jambo baya, ni pumziko. Akisema ndiyo, namuuliza kama ameshapanga.

Akiwa ameshapanga, haachwi peke yake hata kidogo. Vitu hatari nyumbani vinaondolewa au vinafungiwa, anapelekwa kwenye huduma ya dharura siku hiyo hiyo, na mtu anayemwamini anakwenda naye. Kwa wazee tunaharakisha kwa sababu wao jaribio la kwanza mara nyingi ndilo la mwisho.

---

Takwimu_Kwanza

Naunga mkono hoja, naongezea namba maana ndiyo kazi yangu.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kuanguka kunaua watu wapatao 684,000 kwa mwaka, na waliopita miaka 60 ndio wanaobeba sehemu kubwa ya vifo hivyo. Kujiua kunachukua zaidi ya 720,000 wa rika zote, na sehemu nyingi za dunia kiwango hupanda kadiri umri unavyopanda. Alichosema Nesi kuhusu jaribio la kwanza ni kweli: kwa vijana majaribio ni mengi sana kwa kila kifo kimoja, kwa wazee hukadiriwa manne hivi. Mwili hauna akiba, na mara nyingi anaishi peke yake, hakuna wa kumkuta mapema.

Kinachonichekesha ni kwamba kwenye orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, toleo la kumi, kuanguka na kujidhuru vipo sura moja, ile ya sababu za nje. W00 hadi W19 ni maanguko, X60 hadi X84 ni kujidhuru kwa makusudi. Majirani wa kurasa chache! Ofisini ndiko tulikowatenganisha.

Na mpaka wenyewe haujanyooka. Mzee akikutwa chini ya ngazi na hakuna aliyeona, kinachoandikwa ni maoni ya aliyeandika.

---

Binti_Mkubwa

Nimesoma uzi mpaka mikono inatetemeka. Baba ana miaka 78. Ameanguka bafuni mara mbili na zote mbili hakusema, tuliona michubuko tu. Baada ya ya pili tukamkataza kupanda ngazi, kuoga bila mtu, na kwenda nje bila mtu. Daktari akampa dawa ya usingizi kwa sababu usiku hapati usingizi. Sasa haanguki, ni kweli, lakini anakaa kwenye kiti kilekile kutwa nzima anaangalia ukuta. Jana kaniambia, "Mmeniweka kabatini." Nifanyeje jamani?

---

Fizio77

Binti_Mkubwa pole dada. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nitakuwa mfupi kwenye yasiyo yangu na mrefu kwenye yangu.

Kwanza hiyo dawa ya usingizi. Usimkatishe ghafla, mrudishe kwa daktari aipitie pamoja na dawa zake zote. Dawa za usingizi na za kutuliza ni miongoni mwa zinazoangusha wazee sana, na hata za sonona zinaongeza hatari ya kuanguka. Hilo la mwisho lisikufanye umnyime za sonona kama anazihitaji. Maana yake ni kwamba anayeandika dawa ya sonona ajue pia mgonjwa wake anatembeaje. New Zealand mwaka 1999 walijaribu kuwaondoa wazee taratibu kwenye dawa za namna hiyo, maanguko yakapungua kwa asilimia 66. Ila karibu nusu ya walioziacha walizirudia ndani ya mwezi mmoja baada ya utafiti kwisha. Kumwondolea mtu dawa ya usingizi bila kugusa kinachomkosesha usingizi ni kazi bure. Hapo meza mbili za Nesi ndipo zinapogongana.

Pili, apimwe presha kwa namna nyingine. Alale dakika 5, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, umempata mmoja wa wanaomsukuma bafuni.

Tatu, miguu. Mwambie ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Hesabu. Sekunde 12 au zaidi, ana hatari. Hiyo ndiyo inayonileta kwenye kiti chake: kutwa kwenye kiti inampunguzia nguvu za miguu kila wiki. Hamjamlinda asianguke, mmeahirisha. Siku atakapoinuka mwenyewe, na atainuka, ataanguka vibaya zaidi ya mwanzo.

Mazoezi ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko kitu kingine chochote. Mapitio ya mwaka 2019, tafiti 108 zenye watu zaidi ya 23,000, yalikuta yanapunguza maanguko kwa asilimia 23. Ukichanganya ya kusimama imara na ya kuongeza nguvu za miguu, 34. Na siyo mambo makubwa: kusimama kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma huku umeshika meza, kuinuka kitini bila mikono, kutembea kinyumenyume ukiwa na ukuta karibu. Ila yawe magumu kiasi cha kumyumbisha kidogo, mtu akiwa karibu. Mazoezi ya kukaa unapunga mikono yanachangamsha, hayazuii kuanguka.

---

Chembe

Asante kwa madini. Nafuatilia kimyakimya.

---

Babu_Bado_Yupo

Nimeingia kwenye uzi huu nikiwa na miaka 74 na simu niliyowekewa na mjukuu. Naona mnatujadili vizuri, niruhusuni mshiriki mwenyewe niseme.

Binti, baba yako hakuficha michubuko kwa ukaidi. Alijua mngefanya hicho hasa mlichofanya. Mzee akisema "nimeanguka", kesho yake kunaitishwa kikao cha familia ambacho yeye hayumo. Keshokutwa funguo zimebadilika mkono. Mimi nimeanguka mara nne na mnaosoma hapa ndio wa kwanza kujua.

Siogopi kufa, na simsemei mwenzangu. Ninachoogopa ni kulala sakafuni. Mara ya tatu nililala chini kuanzia usiku mpaka kulipokucha. Nilikuwa nauona mguu wa meza na vumbi lililo chini ya kabati. Simu ilikuwa juu ya kabati hilohilo, inaita. Huko chini ndiko mawazo yanakomkuta mtu.

Fizio wangu, hilo la kuinuka mbona hamtufundishi?

---

Fizio77

Shikamoo mzee wangu. Umetushika pabaya, na una haki. Kulala chini zaidi ya saa moja ni hatari yenyewe hata kama hakuna mfupa uliovunjika: vidonda, kukaukiwa maji, baridi, misuli kuharibika. Na wengi wanaolala hivyo hawajaumia, hawajui tu namna ya kuinuka.

Usikurupuke. Kwanza jikague, tikisa mikono na miguu. Kama nyonga inauma sana au mguu umekaa umepinda, usijaribu. Gonga, ita, jifunike chochote kilicho karibu, na uwe unageuka kidogo kidogo. Kama hakuna maumivu makali, viringika ulalie ubavu. Jiinue kwa kiwiko, kisha kwa mkono, mpaka uwe umepiga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa. Tambaa mpaka kwenye kiti kizito kisichoteleza. Mikono yote miwili juu ya kiti. Mguu wenye nguvu uutangulize mbele, unyayo wote ukanyage, sukuma, inuka, geuka taratibu, kaa. Hapo utulie kwanza.

Hatua hizi tunazifundisha kinyume. Mtu anaanzia kusimama kwenda kupiga magoti huku ameshika kiti, siku nyingine anashuka kidogo zaidi, mpaka anafika sakafuni na kurudi. Fanya na mtu mara ya kwanza. Na simu isikae juu ya kabati, mzee wangu, ikae mfukoni.

---

Mpiga_Kasia

Babu shikamoo. Hilo la kikao cha familia limenigusa, bibi yetu tulimfanyia hivyo hivyo. Nafuta nusu ya nilichoandika juu.

---

Takwimu_Kwanza

Turudi kwenye kazi ya ngazi ya jamii, maana huku ndiko pesa za umma zinakopotelea. Rahisi kuhesabika ndiyo hununuliwa: vipeperushi, mikeka ya bafuni, semina ya siku moja. Mkeka si mbaya. Kurekebisha nyumba kunapunguza maanguko, na kunasaidia zaidi pale mtaalamu anapokwenda nyumbani kwa mtu ambaye tayari ana hatari kubwa. Kugawia kila mtu mkeka ndiko kusiko na maana.

Upande wa kujiua kuna kazi moja ya Italia ninayoipenda, mkoa wa Veneto. Wazee zaidi ya 18,000, wengi wanaishi peke yao, walipewa kifaa cha kuita msaada. Zaidi ya hapo walipigiwa simu mara mbili kwa wiki na mtu aliyefunzwa, kuwajulia hali tu. Kwa miaka kumi na moja, 1988 mpaka mwisho wa 1998, waliokufa kwa kujiua walikuwa 6, wakati kwa idadi ile ilitarajiwa wawe karibu 21. Angalieni hicho kifaa: ni kile kile tunachompa mzee anayeanguka! Mkataba mmoja, kazi mbili.

Ila nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Faida ilionekana kwa wanawake. Kwa wanaume haikuonekana wazi, na kazi za vijijini Japani za kupima sonona na kufuatilia wazee nazo zilileta picha ya namna hiyo. Japani sheria yao ya kuzuia kujiua ni ya 2006, na marekebisho ya 2016 yakalazimisha kila mji na kijiji kuwa na mpango wake. Vifo kwa nchi nzima vilikuwa 34,427 mwaka 2003, vikafika 20,169 mwaka 2019. Siwezi kuupa mpango mmoja sifa zote hizo, ila kulazimisha kila eneo kuandika jina la anayewajibika si jambo dogo.

---

Nesi_wa_Mtaa

Hapo kwa wanaume Takwimu umegonga jipu. Kikundi changu cha mazoezi kina wanawake 19 na wanaume 2, na mmoja wa hao wawili huja kumsindikiza mkewe. Ukimwita mwanaume "njoo tuzungumze hisia", hutamuona. Ukimwita "njoo utusaidie kufunga vishikizo bafuni kwa mzee fulani", anakuja na bisibisi yake. Na huko akiwa amepiga magoti anakaza skrubu, bila kukutazama, ndiko anakosema.

Zimbabwe tangu 2006 wana mabenchi ambayo bibi waliofunzwa hukaa na kusikiliza watu wenye mawazo mazito. Jaribio lao lililochapishwa 2016 lilionesha dalili zilipungua kweli. Sote tunasifia nafuu waliyopata wanaosikilizwa. Mimi huwa namtazama yule bibi: ana mahali pa kwenda Jumatatu na kuna mtu anayemngoja. Kuna kinga gani ya kuanguka kuliko hiyo, mtu ana sababu ya kuvaa viatu?

Kwetu sasa fomu ni moja. Maswali matatu ya kuanguka: umeanguka mwaka huu, unahisi unayumba ukisimama, unaogopa kuanguka. Mawili ya moyo: umekosa raha na mambo uliyokuwa unayapenda, umejisikia mnyonge au kukata tamaa. Akiitikia la moyo, linafuata lile la wazi. Siwafichi, ugomvi mkubwa haukuwa maswali, ulikuwa nani anapokea jibu la "ndiyo". Miezi ya mwanzo tuliuliza na hakukuwa na mtu upande wa pili. Huko ni kumvua mtu nguo na kumwacha barabarani. Kama hamna wa kumpokea ndani ya siku hiyo, tafuteni huyo kwanza, fomu baadaye.

Binti, macho ya baba yamepimwa? Kama ana mtoto wa jicho, upasuaji wa jicho la kwanza wenyewe unapunguza maanguko kwa karibu theluthi. Na lile swali muulize. Leo, usingoje mwisho wa wiki.

---

Binti_Mkubwa

Nimerudi. Samahani nilikaa kimya siku kadhaa.

Nilimuuliza siku ile ile usiku, kwa maneno ya Nesi, nikiwa namkata kucha za miguu ili nisimtazame usoni. Alikaa kimya mpaka nikamaliza mguu mzima. Akasema kufikiria amefikiria, kupanga hajapanga, na kwamba nilichelewa kuuliza. Asubuhi yake tulikuwa kwa daktari, mpango wa kupunguza ile dawa umeanza, na ana miadi ya mtu wa kuzungumza naye. Kumbe presha inashuka akisimama, kwa 28.

Tumemrudishia ngazi. Kuna vishikizo pande zote mbili, amevichagua na kuvisimamia mwenyewe, fundi alinung'unika. Mimi nasimama chini nikijifanya natafuta kitu.

Nikamwambia nitakuwa nampigia simu kila siku nikiwa kazini. Akakataa. Kila siku ni upelelezi, amesema. Tumekubaliana Jumanne na Ijumaa.

---

Babu_Bado_Yupo

Jumanne na Ijumaa inatosha. Ila upige kweli.